Chaki Kwenye Gurudumu

Siku mji wa Machakos ulipoonyeshwa magari mapya ya kukamata walioegesha ovyo, Nzilani alikanyagwa mguu. Umati ulikuwa umefurika nje ya ofisi za baraza, kila mtu akitaka kuziona zile bredauni mbili za manjano zenye kreni na ndoano. Nzilani alikuwa amevaa viatu vya mchuchumio vya kuazima, kwa sababu wahudumu wote wa maegesho waliamriwa wapendeze siku hiyo. Aliyemkanyaga alikuwa akirudi kinyumenyume, macho yamemganda kwenye lori.

"Unaniumiza," Nzilani alisema.

"Pole, madam. Nilikuwa naangalia bibi yangu." Akanyoosha kidole kwenye bredauni ya kwanza. "Nimepewa yeye leo asubuhi. Naitwa Laban."

"Basi mwambie bibi yako alipe hivi viatu. Viko na mwenyewe."

Laban alicheka, pengo la meno ya mbele likaonekana. Ovaroli yake ya buluu bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Nzilani hakuwa mwepesi wa kucheka na watu asiowajua, lakini siku hiyo alicheka, na kabla hotuba hazijaisha alikuwa amempa nambari yake ya simu.

Kazi yenyewe ikawafunga pamoja. Mhudumu alizunguka mitaani na chaki, na kila gari lisilo na tikiti alilitia alama kwenye gurudumu la nyuma. Saa moja ikipita na gari bado lipo, dereva wa bredauni alilivuta hadi yadi ya baraza. Kila mhudumu alikuwa na alama yake ili lawama ikija ijulikane ni ya nani. Ya Nzilani ilikuwa duara lenye msalaba ndani. Na alikuwa na neno lake, alilowaambia wote waliokuja mbio wakihema na funguo mkononi: chaki haifutwi.

Mapenzi yao, tuseme tu ukweli, yalinenepa kwa machozi ya watu. Kuna mama mmoja aliyetoka Mitaboni na trei za mayai nyuma ya gari bovu la mumewe. Alikawia kutafuta mnunuzi, na aliporudi alikuta ndoano tayari imeshika. Akapiga magoti pale pale barabarani. Laban akamtazama Nzilani, maana neno lilikuwa lake.

"Chaki haifutwi, mama," Nzilani alisema.

Laban akaliinua gari. Trei zikateleza na mayai yakapasuka yote, ute ukachuruzika hadi kwenye lami. Ndani ya bredauni wale wawili walicheka mpaka wakafuta macho, na hapo ndipo Laban alipomshika mkono na kumwita mwendwa, yaani mpenzi, kwa mara ya kwanza. Nzilani alikumbuka mkono ule kwa muda mrefu. Yule mama wa mayai, Nzilani hakumkumbuka hata kidogo wakati huo.

Jioni simu zilikuwa haziishi.

"Umenitia chaki, mwendwa?" Laban angeuliza.

"Nimekutia. Ukikaa hapo zaidi ya saa moja nakuvuta."

"Nivute basi. Yadi yako iko na nafasi?"

"Ya gari moja tu. Nikipata la pili humo, nachoma yote."

Alisema akicheka, lakini hakuwa anatania. Nzilani alikuwa na wivu mkali, na hilo Laban alilijua akalipenda, kama wanaume wanavyopenda jambo hilo kabla halijawauma. Na alichokitaka Nzilani kuliko kitu chochote kilikuwa kimoja, naye alikuwa amemwambia waziwazi: alitaka ntheo. Hao ni mbuzi ambao mwanamume Mkamba hupeleka kwao msichana. Wakishachinjwa na kuliwa, huyo ni mke wake mbele ya watu wote. Asiyepelekewa, hata akizaa nyumba ijae, bado ni msichana wa babake. Mamake mkubwa Nzilani alikufa hivyo, na Nzilani aliyakumbuka maneno yaliyosemwa mazishini.

Laban alimjibu kwamba mambo hayo yana wakati wake. Kisha, Agosti ilipoanza, akabadilika. Simu ikilia anatoka nje kuipokea. Akiulizwa, anasema ni watu wa kazi. Akaomba ruhusa ya Jumamosi moja, akamwambia Nzilani kwamba anaenda Lukenya kumwona mjomba mgonjwa. Juma hilo hilo mamake Nzilani naye alipiga simu akasema mwili haumpi raha, Jumamosi aje nyumbani mapema. Nzilani akasema atakuja akitoka zamu.

Jumamosi hiyo alikuwa amefika karibu na duka la jumla alipoiona pikapu ya buluu imeegeshwa bila tikiti. Nyuma walifungwa mbuzi watatu walionona. Kando yake alisimama Laban, yule aliyesema anaenda Lukenya, amevaa suti ya kijivu ambayo Nzilani hakuwahi kuiona. Mbele yake alikuwapo mwanamke wa gauni la zambarau na miwani ya jua iliyopandishwa kwenye nywele, mwanamke wa mshahara, anamrekebisha tai taratibu huku anamchekea. Kisha wakaingia dukani wameshikana mikono.

Kasiva, muuza chai wa pale, alimwona Nzilani ameganda.

"Hao mbuzi ni wa nini?" Nzilani aliuliza.

"Wewe ndiye wa kuniuliza? Ni mbuzi za ntheo. Nimesikia wakisema wananunua sukari na blanketi ya wazee. Leo dereva wenu anaoa."

Angeweza kuingia dukani akauliza. Ilikuwa hatua chache tu. Lakini kuuliza ni kunyenyekea, na yeye alikuwa amezoea kunyenyekewa. Akachutama nyuma ya pikapu, akachora duara, akatia msalaba, akakandamiza mpaka chaki ikakatika. Hakungoja saa moja. Alimpigia Musembi, dereva wa bredauni ya pili, akamwambia pikapu imekaa kupita kiasi na wenyewe wamekataa kulipa. Musembi akaja na ndoano. Gari lilipoinuliwa mbuzi walilalia upande mmoja wakilia, pembe ya mmoja ikavunjika kwenye chuma, na watu wa sokoni wakacheka walivyozoea. Nzilani naye alicheka. Akazima simu, akaenda kwao.

Kwao alikuta turubai limefungwa, sufuria tatu ziko motoni na shangazi zake wanaimba. Mamake alitoka mzima kabisa, kitenge kipya kiunoni.

"Umechelewa. Enda ukaoge, wageni wako njiani."

"Wageni gani, mwaitu?" Nzilani alimuuliza mamake.

"Wa Laban. Alituomba tusikuambie, alitaka uwaone tu wakiingia kwa lango. Hata dadake ametoka Nairobi, yule Winfred wa benki. Ndiye alimnunulia suti."

Nzilani alikaa chini juu ya kuni. Shangazi zake walidhani ni furaha, wakampigia vigelegele. Aliwasha simu akampigia Laban, hakupokea. Akampigia Musembi. Huyo akamwambia Laban alifika yadi mbio, akaliangalia gurudumu kwa muda mrefu, hakuuliza kitu. Mlinzi alikataa kuachilia gari hadi Jumatatu, ila mbuzi akawatoa.

Walifika jua likishuka, kwa miguu kutoka stejini, wazee wanne, Winfred, na Laban mwenyewe akiwavuta mbuzi kwa kamba. Suti ilikuwa imejaa vumbi hadi magotini. Mzee Wathome, babake Nzilani, alikuwa amenuna kwa kungojeshwa, lakini aliwakagua mbuzi, akaitikisia kichwa ile pembe iliyovunjika, akasema wote wako hai na hilo linatosha. Kisu kikaletwa. Kama ilivyo desturi, Nzilani akaitwa katikati.

"Nzilani," babake aliuliza, "hawa mbuzi tuwale?"

"Muwale, baba."

Vigelegele vikapanda. Laban akainua mkono, vikashuka.

"Wazee, mnisamehe. Kabla ya kisu, gari letu lilivutwa huko mjini kama la mwizi. Nataka Nzilani awaambie ni alama ya nani ilikuwa kwa gurudumu."

Nzilani alimtazama, akaona kwamba hatamwokoa.

"Ni yangu," alisema. "Nilidhani unaoa mwingine."

Wakaanza kunong'ona, kisha shangazi mmoja akacheka akasema wivu ni mapenzi, na hata mjomba wa Laban, yule aliyesemwa mgonjwa, akatabasamu. Mzee Wathome alisema hilo ni jambo dogo, binti aombe msamaha, kisha watu wale nyama. Yote yangeishia hapo kwa amani. Nzilani akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika Laban upindo wa koti.

"Nisamehe, mwendwa. Ungeniambia tu."

"Na wewe ungeniuliza tu. Nilikuwa hapo ndani ya duka." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hata ile saa moja unayowapatia watu wote, mimi hukunipatia."

"Nihurumie. Kesho nitasemwa soko nzima."

Laban alimtazama kama anayemwonea huruma. Kisha akautoa mkono wa Nzilani kwenye koti, kidole baada ya kidole.

"Chaki haifutwi, mama," alisema.

Akaokota kamba. Wazee wake walisita, halafu wakamfuata, na Winfred akafuata mwisho bila kugeuka. Yule mbuzi wa pembe iliyovunjika alikataa kutoka langoni, ikabidi asukumwe.

Jumatatu ratiba iliwaweka zamu moja, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuacha kazi ya baraza. Asubuhi hiyo mwenye pikapu ya buluu, aliyemkodisha Laban, alikuja kuichukua. Nzilani alikuwa amesimama kwenye lango la yadi na chaki yake mkononi, na Laban ameketi juu ya bredauni, injini inanguruma. Pikapu ikapita kati yao. Duara na msalaba vikazunguka na gurudumu barabarani, vikafifia kwa vumbi, na gari lilipofika kona ya soko tairi lilikuwa jeusi tupu.

Nzilani aligeuka haraka aone kama Laban naye ameona. Alikuwa ameona.

"Twende kazi, madam," alisema, akaingiza gia.