Mama Breki Kwenye Ngazi

Fundi cherehani alishona mashati chumba cha chini. Mama yake alikaa chumba cha juu, akishona vifungo. Kila alasiri mama alishuka ngazi kumi na moja, amekumbatia mashati.

"Mama, lile la bluu tayari?" fundi aliuliza bila kuinua uso.

Mama alisimama. Alishika ukuta, akajibu, "Bado kifungo cha kola." Kisha akaendelea kushuka.

"Mama Breki!" mkwewe, mke wa fundi, alicheka. "Ukisemeshwa tu, umepaki!"

"Tembea huku unasema, Mama," fundi alisema. "Mteja anangoja."

Mama alicheka nao, lakini aliona haya. Tangu siku hiyo alijilazimisha kujibu huku akishuka.

Jumatano moja fundi aliita, "Mama, la mikono mifupi umelisahau?"

"Ninalo, liko chini ya..."

Walisikia kishindo. Mashati yalitapakaa sakafuni. Mama alilala juu yake, kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika.

Plasta ilipotolewa, walimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yule dada alimwambia mama atembee hadi dirishani. Mama alipofika katikati, dada alimwuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Mama alisimama. "Mmoja. Ndiye huyo."

"Mmeona?" dada alisema. "Umri ukisonga, kutembea kunataka akili. Ukimsemesha njiani, akili inagawanyika. Alisimama ili asianguke."

"Tulikuwa tunamtania tu," mkwe alinong'ona. "Tulimwita Breki."

"Gari lenye breki ndilo salama. Ninyi mlizikata."

Fundi aliinamisha kichwa. "Tufanye nini, dada?"

"Mwacheni afike, akae, ndipo mumwulize. Mizigo bebeni ninyi. Wekeni na reli ya kushika kwenye ngazi."

Njiani mama alisema, "Mshika mbili moja humponyoka. Mimi umeniponyoka mkono."

Hakuna aliyecheka.

Reli iliwekwa wiki ileile. Mwaka umepita, mama hajaanguka tena. Lakini vidole vyake havishiki sindano. Vifungo anashona mkwe, na wateja wanaona tofauti.

Kila alasiri mama hushuka mikono mitupu. Akikanyaga ngazi ya kwanza, fundi huondoa mguu kwenye cherehani. Nyumba hunyamaza. Mama hushuka polepole, hufika, huketi kwenye benchi.

"Haya," husema. "Sasa niulizeni."