Samaki wa Herufi

Kila asubuhi kisiwani Takawiri, katikati ya ziwa, Priscah alianika dagaa wa omena, akafagia nyumba, kisha akapangusa kompyuta vumbi. Kuiwasha ndiko kulikomshinda.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu binti yake Lynnet, anayesoma chuo kikuu huko Rongo, amletee kompyuta hiyo. Ilitumia mfumo wa Linux. Lynnet alimfungulia kwenye kioo dirisha jeusi, tupu, lenye alama moja inayowakawaka. "Mama, hapa unaandika amri, mashine inatii," alisema. Kisha likizo ikaisha, akarudi chuoni.

Priscah aliacha shule akiwa darasa la sita ili auze samaki. Aliamini kwamba akikosea neno moja, mashine itaungua. Basi akaipangusa tu.

"Mama Lynnet," mumewe Javan alimwambia, "hii kitu ni ya kupanguswa ama ni ya kutumiwa? Alhamisi turudishe kwa duka. Afadhali nipate nyavu."

Priscah aliendelea kupangusa. Roho ilimuuma. Aliona shule ikimponyoka mara ya pili.

Alhamisi walivuka ziwa hadi Mbita, wakapanda gari, wakafika Homa Bay kabla ya saa sita. Mulki, mwenye duka ilikonunuliwa kompyuta, aliwapa viti.

"Imeharibika, mzee?"

"Haijaharibika. Mama anaiogopa," Javan alisema.

Mulki aliiwasha na kufungua lile dirisha jeusi. "Mama, andika cowsay. Acha nafasi. Sasa andika salamu ya kwenu. Halafu bonyeza Enter."

Priscah aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Oyawore. Akabonyeza. Hapo hapo ng'ombe akasimama kwenye kioo, pembe, kiwele na mkia, vyote vimechorwa kwa alama za kuandikia. Juu ya kichwa chake palikuwa na neno: Oyawore.

Priscah alifunika mdomo. "Imenisalimia," alinong'ona.

"Imesema ulichoiambia," Mulki alisema. "Haina akili ya kukuonea."

"Na nikikosea?"

"Kosea sasa."

Priscah aliandika herufi ovyo, akafumba macho, akabonyeza. Alipofumbua, mashine ilikuwa imeandika kwamba amri hiyo haijulikani. Hakuna kilichoungua.

"Hasira yake ndiyo hiyo tu," Mulki alisema. "Sasa andika figlet, na jina lako."

Jina likatokea likiwa limejaza kioo. Priscah hakuwahi kuona jina lake likiwa kubwa namna ile, hata kwenye daftari za shule. Alilitazama mpaka macho yakamlowa, na hakujali nani anaona.

Javan alikuwa mlangoni, akitazama barabara. Mulki akamwita. "Mzee, kuna moja yako." Akaandika asciiquarium.

Kioo kikageuka maji. Samaki wakapita, wakubwa kwa wadogo, wa kijani na wa manjano, mapovu yakipanda. Javan akasogea. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Alikuwa amesikia habari za mashine zinazoona samaki chini ya mtumbwi.

"Hii ni upande gani ya ziwa?" akauliza. Hakuwa na mzaha.

Mulki hakucheka. Kuuliza si ujinga. "Angalia mgongo wa huyo samaki, mzee. Unaona nini?"

Javan alitazama kwa muda mrefu. "Kistari cha mshazari. Mabano. Hii jicho ni herufi o." Akamgeukia Mulki. "Kwa hivyo mtu alikaa chini akaandika samaki. Na samaki akaogelea."

"Ndiyo. Mtu kama mama hapa. Alianza na neno moja."

Kisha Mulki akamgeukia Priscah. "Michezo hii haidhuru. Ukitaka kutoka kwa samaki, bonyeza q. Lakini amri ya rm hufuta faili, na kilichofutwa hivyo ni vigumu kukirudisha. Na sudo ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba yote. Amri ukiletewa kwa simu na usiyemjua, usiiandike. Andika kwanza man na jina la amri, usome kazi yake. Kama hujaelewa, uliza Lynnet."

Priscah alimtazama mumewe. Mikono ya Priscah ilikuwa juu ya kompyuta, na haikutoka hapo.

"Ifunge vizuri," Javan alimwambia Mulki. "Mawimbi isiiloweshe. Tunarudi nayo."

Siku hizi Priscah haipangusi kompyuta. Vidole vyake havilipi vumbi nafasi. Anaandika barua za kikundi cha akina mama. Kila Alhamisi wanawake sita huja na madaftari kujifunza kwake, na wa kwanza kufika humtamkisha ng'ombe salamu.

Juzi Oyaro, jirani na mvuvi mwenzake Javan, alipita akawakuta samaki wakiogelea kwenye kioo. Akaweka kasia chini.

"Javan, hii ni upande gani ya ziwa?"

Javan hakucheka. Alimvutia jirani yake kiti.

"Kaa," alisema. "Muulize mwalimu." Na akamwonyesha mkewe.