Foleni ya Viatu

Mwasiti alikuwa na ndala za njano. Alikuwa likizo kwa Bibi, na leo Bibi anamrudisha nyumbani kwa ndege.

Usiku atalala ubavuni kwa Mama. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Lakini uwanja wa ndege ulijaa watu. Foleni ilianzia kaunta, ikapita choo, ikazunguka nguzo, ikafika mlangoni.

Kaunta zilikuwa nyingi. Mhudumu alikuwa mmoja, Anti Hosiana. Anasoma tiketi. Anapima mizigo. Anagonga muhuri, pa!

"Anayefuata!"

Foleni ikasogea. Kidogo tu. Kidogo hivi.

"Miguu yangu inawaka moto," akasema Bibi.

"Kaa chini, Bibi."

"Nikikaa, watatupita. Ndege itatuacha."

Mwasiti hakutaka ndege iwaache. Hakutaka kabisa. Akafikiri, akafikiri, mpaka pua ikamwasha.

"Bibi, kule bombani kwako watu hawasimami. Ndoo ndizo zinazopanga foleni."

"Ni kweli. Lakini hapa ndoo tutaitoa wapi?"

Mwasiti akavua ndala zake. Akaziweka kwenye foleni. Akamvua Bibi makubazi yake, akayaweka hapo hapo.

Bibi akakaa juu ya sanduku. "Aah," akasema. "Ahsante, mjukuu wangu."

Nyuma yao alisimama baba mmoja mwenye tai. Akatazama ndala. Akatazama makubazi. Akavua viatu vyake vinavyong'aa.

Soksi yake ilikuwa na tundu. Kidole gumba kikachungulia nje.

Basi wote wakavua! Zikaja buti. Vikaja viatu vya mtoto mchanga, vidogo kama kalimati. Zikaja raba, na raba moja ilinuka. Tusiseme ya nani.

Watu wakakaa chini. Wakapiga soga. Wakagawana karanga.

"Anayefuata!" akaita Anti Hosiana. Akainua kichwa. Hakuona mtu. Aliona viatu.

Akafikiri kidogo. "Haya, buti zinazofuata!"

"Ni zangu!" mwenye buti akaja mbio.

Wengine wakasukuma viatu mbele, shwaa! Foleni ikasogea. Kidogo tu. Kidogo hivi.

Mwasiti alikuwa amekaa sakafuni. Akaona miguu ya Anti Hosiana chini ya kaunta. Mguu mmoja ulikuwa unausugua mwenzake.

Akaenda kwake. "Shikamoo, Anti. Na wewe miguu inakuuma?"

"Marahaba, mwanangu. Inaniuma sana. Nimesimama peke yangu tangu asubuhi."

"Basi weka viatu vyako kwenye foleni."

"Mimi nasubiri nini?"

"Si unasubiri mtu wa kukusaidia?"

Anti Hosiana akacheka. Akavua viatu vyake vyekundu vya visigino. Mwasiti akavibeba mpaka mwisho wa foleni, ko, ko, ko, akaviweka.

Ofisini, bosi alikuwa anakunywa chai. Jina lake Bwana Mapunda. Akatega sikio. Mbona leo watu hawalalamiki?

Akatoka na kikombe chake. Akaona viatu, viatu, viatu, mpaka mlangoni.

"Hivi vyekundu ni vya nani?"

"Vyangu, bosi," akasema Anti Hosiana.

"Kwani na wewe unasafiri?"

"Sisafiri, bosi. Nasubiri mwenzangu wa kunisaidia."

Watu wote wakamtazama Bwana Mapunda. Hata kile kidole gumba kilimtazama.

Bwana Mapunda akaona haya. Akaweka kikombe chini. Akavua viatu vyake, akafungua kaunta ya pili.

"Anayefuata!" akaita. Muhuri wa kwanza akaugonga kwenye tai yake mwenyewe, pa!

Sasa walikuwa wawili. Pa! Pa! Shwaa! Shwaa! Foleni ikasogea. Sana tu. Sana hivi.

"Ndala za njano!" akaita Anti Hosiana.

"Ni zangu!" akasema Mwasiti.

Ndege haikuwaacha. Ikanguruma, vuuuu, ikapaa.

Usiku, Mama alimkuta Mwasiti anapanga ndala zake kando ya kitanda, upande wa Mama.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Zinanishikia nafasi, Mama. Nataka kulala karibu na wewe."

Mama akamfunika kanga. Akamkumbatia.

"Panda, mwanangu," akasema. "Hapa hakuna foleni."