Bomu la Kwa Mhina

"Swala, usizime mashine! Narudia, usizime!"

Swaumu Mhina, jina lake la kazi Swala, akaurudisha mkono haraka kutoka kwenye kitufe chekundu.

"Kwa nini, mzee?" alinong'ona kwenye redio yake ndogo.

"Ndege imesharuka." Mbaruku, mkuu wake, alikuwa Handeni. "Mashine ndiyo inayoiongoza. Ikinyamaza, rubani atafuata ramani aliyopewa. Kambi ya wapigania uhuru imetiwa alama humo."

Na ubavuni mwa kambi, kijiji cha ujamaa. Watoto wa watu mle!

Jasusi huyo alikuwa amenaswa. Chumba hicho cha kompyuta, katika ofisi ya shamba la mkonge nje ya Korogwe, kilikuwa na mlango mmoja wa chuma. Mwenye mashine, mamluki Keller, alikuwa ameufunga kwa nje bila kujua kuna mtu ndani. Dirisha lilikuwa na nondo. Bastola yake, Browning, ilimteleza mkononi kwa jasho. Aliogopa, tena sana.

Basi namba za shabaha zibadilishwe humo humo, mashine ikiwa inakwenda.

Akafungua ubao wa swichi. Swichi juu, moja. Swichi chini, sifuri. Kompyuta haijui kingine, na kwa hayo mawili ilishika mahali pa kudondosha mabomu. Akikosea swichi moja, bomu lingeweza kuangukia Chanika, mjini Handeni.

"Nipe mahali pasipo na watu," alisema. "Lakini rubani apaone kuwa ni kijiji kwenye ramani, asishtuke."

"Ramani yao ni ya kabla ya Operesheni Vijiji, watu hawajahamishwa. Mahame yaliyo karibu ni Kwa Mhina."

Kwao. Alikozikwa baba.

"Ila mama yako yuko kule," Mbaruku aliongeza. "Ametoroka kijijini kwenda kufagia kaburi."

"Mtoe! Hata kwa kumbeba!"

Mbaruku akamsomea namba za mahali, naye akaanza kubonyeza swichi. Juu. Chini. Juu. Baba, nisamehe.

Mashine haikusita.

Alingoja. Lo, alivyongoja! Hatimaye Keller alipiga kelele za furaha chumba cha pili. Ufunguo ukazunguka. Akaingia na chupa ya bia, akakutana na mdomo wa Browning.

"Mikono juu, bwana mkubwa. Umepiga mahame."

Redio ikakoroma. "Kambi salama. Kijiji salama. Mama tumemtoa mzobemzobe."

"Anasemaje?"

"Anasema umemuua baba yako mara ya pili."

Swaumu akavaa miwani ya jua, maana machozi yalikuwa yameanza, akamsukuma Keller mbele.

"Mwambie nakuja kumwamkia."