Ndoo Mbili za Maji Vuguvugu

SAA 2:10 ASUBUHI

"Simu," alisema Mjomba.

Zikaingia kwenye sufuria, tatu, yake ikiwemo. Akafunika. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake kabla ya kazi yoyote: hakuna kupiga, hakuna kupokea, na sufuria inabaki chumbani mpaka wote warudi. Mjomba hakumwamini mtu. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, na alipenda kulisema hilo huku akikutazama usoni.

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya pikipiki. Jumapili, duka limefungwa. Tairi ukutani, grisi sakafuni, balbu moja. Mjomba alimwaga njiti za kiberiti mezani.

"Hiki kiwanda cha zamani cha ngozi. Geti hapa, walinzi wawili. Huu uwanja, lile birika kavu walikokuwa wakiloweka ngozi. Hiki chumba cha kuoshea. Mlango wa nyuma unatokea mtaroni. Toka mtaroni mpaka kwenye gari, hatua ishirini."

"Ufunguo?" aliuliza Shemeji.

"Ninao mimi," alijibu mwanamke aliyeketi juu ya tairi. Walimwita Mshonaji. Zamani alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Sasa, kila Jumapili, alishona mbwa wa kiwandani: masikio, mashavu, matumbo. Waliobaki hai aliwashona ili wapigane tena.

Mzigo wenyewe ulikuwa mbwa. Jemadari, bingwa wa uwanja, mali ya yule waliyemwita Tajiri. Ameua mbwa kumi na mmoja. Kuna mtu wa mbali alimtaka akiwa mzima, na Mjomba alikwishampa neno lake. Tatizo ni kwamba Jemadari alilala chumba kimoja na Tajiri, akala kwa mkono wa Tajiri, akatembea katikati ya walinzi wanne. Waziri hakulindwa hivyo.

"Ila dakika tano tu," alisema Mjomba. "Wakati wa kuoshwa."

Kule kiwandani hawaaminiani hata chembe. Mtu anaweza kupaka sumu kwenye manyoya ya mbwa wake, mwenzake aking'ata, amekwisha. Kwa hiyo kabla ya pambano kila mbwa huoshwa na mtu wa upande wa pili. Ndoo mbili za maji vuguvugu, waoshaji wawili, mlango umefungwa, walinzi nje. Mwenye mbwa husimama nyuma ya mstari wa chokaa, hagusi maji.

"Kwa hiyo mbwa wetu akipangwa kupigana naye, Jemadari tutamwosha sisi," alisema Mjomba. "Mshonaji anaosha. Kitambaa cha dawa puani, mbwa analegea. Mwoshaji wao, na Tajiri akiwepo, namaliza nao mimi." Akagonga spana iliyokuwa kiunoni. "Shemeji, wewe gari. Hushuki kwenye usukani. Umesikia? Hushuki."

Alisema mara mbili. Shemeji aliliona hilo akaliweka moyoni.

Aliitwa Shemeji kwa sababu alimwoa dada yake Mjomba. Na Mjomba aliitwa Mjomba kwa sababu ya mtoto waliyekuwa naye kati yao, binti wa Shemeji, wa miaka tisa. Wiki sita zilizopita mbwa wa binti huyo aliibwa uani. Mnyororo ulikatwa kwa koleo, mkato safi. Mbwa mkubwa, rangi ya kahawia, kifua cheupe, na mguu mmoja wa mbele mweupe mpaka kifundoni. Mtoto akamwita Soksi. Ukimwona ungedhani simba; kuku wakimkimbiza, anajificha chini ya kitanda.

Mtaani kila mtu alijua mbwa wa nyumbani huibwa kwenda wapi. Wanafungwa midomo na kutupiwa mbwa wa kupigana ili wale wajizoeze. Chambo, wanawaita. Tangu siku ile binti aliacha kula vizuri, na kila asubuhi aliweka bakuli la maji mlangoni, halafu jioni akalimwaga. Shemeji hakuikubali kazi hii kwa ajili ya mgawo. Alitaka kuingia kiwandani, amjue aliyekata ule mnyororo, na ajue kama Soksi bado anapumua.

Alimshuku Mshonaji. Nani mwingine anayeona kila mbwa anayeingia mle?

"Na mbwa wetu sisi tumempata wapi?" aliuliza.

"Nimemnunua mbali," alisema Mjomba.

Mshonaji aliinamisha macho kwenye njiti za kiberiti.

SAA 3:25

Kreti lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Mjomba hakutaka msaada, lakini kreti lilikuwa zito na Mshonaji hakutaka kulisogelea.

"Nishike upande gani?" aliuliza Shemeji.

Ndani ya kreti kitu kikagonga ubao. Du. Du. Du.

"Anagonga nini?"

"Nyamaza," alisema Mjomba. "Ukiongea karibu yake anapandwa na hasira."

Shemeji amefuga mbwa. Mbwa mwenye hasira hagongi kwa mkia. Kulikuwa na harufu pia, harufu ya dawa ya viatu, kali, ya kiwi nyeusi. Akatazama miguu ya Mjomba. Ndala. Akamtazama Mshonaji. Ndala.

"Panda gari," alisema Mjomba. "Unatazama nini?"

Wakaondoka. Mshonaji alikaa katikati, mkoba wa sindano mapajani. Kila Shemeji alipogeuza kichwa alimkuta Mjomba akimtazama kwenye kioo.

SAA 4:05

Nje ya geti watoto wawili walikuwa wamewafunga vibwa vichanga kwa kamba, wanavisukuma pua kwa pua ili vigombane. Vilikuwa vinalambana. Watoto wakakasirika, wakavipiga teke.

"Wanajifunza," alisema mlinzi, akacheka, akafungua geti.

Ndani ilikuwa shangwe tupu. Shemeji aliona kwenye kioo cha gari baba mmoja aliyevaa suti ya ibada, mtoto mabegani. Aliona mwalimu wa hesabu wa shule ya mtaani kwao, yule mpole, amesimama juu ya ukuta wa birika, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga kelele, "Mmalize! Mmalize!" Aliona aibu kana kwamba amemchungulia mtu bafuni.

Aliegesha gari nyuma, kwenye mtaro, kama ilivyopangwa. Hakuzima injini.

SAA 4:40

Mjomba alikuja anakimbia. Haijawahi kutokea Mjomba akakimbia.

"Shuka."

"Umesema nisishuke."

"Mbwa wa pambano la kwanza amepasuliwa tumbo. Tajiri amemwita Mshonaji akamshone sasa hivi. Utaosha wewe."

"Kwa nini usioshe mwenyewe?"

"Mimi ndiye mwenye mbwa, bwana! Sivuki mstari. Shuka!" Halafu akamshika mkono, na sauti ikabadilika, ikawa laini. "Sikiliza, shemeji yangu. Ukiingia mle, mtazame Jemadari tu. Mbwa wetu usimtazame. Hapendi kutazamwa. Na usiongee."

Kwenye ukumbi Mshonaji alikuwa amepiga magoti, damu mpaka viwikoni. Shemeji alipompita, Mshonaji alimtia kitu mfukoni. Ufunguo, na kitambaa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mimi nilimshona tu," alinong'ona bila kuinua kichwa. "Nilimwambia rangi ya viatu haistahimili maji, hakusikia. Ni wa nani, sikujua."

Shemeji hakuelewa. Akaelewa nusu. Miguu yake iliendelea kutembea.

SAA 4:52

Ndoo mbili zinatoa mvuke. Pete mbili za chuma ukutani, mbwa mmoja kila pete, wote wamefungwa midomo. Nyuma ya mstari wa chokaa, Mjomba, mikono kifuani. Tajiri hakuwepo, alikuwa bado birikani akimlaani mbwa wake aliyepasuka. Mlango wa ukumbini ukafungwa.

Shemeji alimtazama Jemadari tu, kama alivyoambiwa. Sikio moja. Shingo imejaa makovu, hakuna mahali pa kuweka kidole. Alimmwagia kopo la kwanza na kujikaza akingoja ngurumo. Jemadari hakunguruma. Alifumba macho, akaegemeza kichwa chote kwenye kiganja cha Shemeji, akabaki hapo. Muuaji wa mbwa kumi na mmoja alikuwa akingoja kukunwa. Shemeji akamkuna.

"Aisee," alisema mwoshaji wa Tajiri, mtu mfupi mwenye taulo begani. "Mbwa gani huyu anatoka wino?"

Maji meusi yalikuwa yakikimbia sakafuni, yakapita kati ya vidole vya Shemeji. Kiwi nyeusi. Yule mfupi akamwaga kopo jingine, akasugua mguu. Mguu ukawa mweupe. Mweupe mpaka kifundoni, hapo ukakatika.

Shemeji alitazama.

Kifua kilikuwa kikitoka sasa, cheupe kama alivyokijua. Mashavuni kulikuwa na mikato mitano ya wembe, iliyoshonwa vizuri, mishono midogo ya mtu anayejua kazi. Mbwa wa kupigana lazima awe na makovu. Huyu hakuwa nayo, akatengenezewa.

"Soksi," alisema.

Du, du, du. Mkia kwenye ndoo.

"Shemeji," alisema Mjomba. "Kazi."

"Ulimbeba binti yangu mabegani ukibandika matangazo ya kumtafuta Soksi."

"Kazi kwanza. Tutaongea nyumbani."

"Ulimpa gundi ashike. Ukamwambia, mjomba wako atamtafuta mpaka ampate."

"Ni mbwa!" Mjomba alisema kwa meno. "Nilitaka kumuuza chambo, nikamhurumia, kwa sababu yenu! Nitamnunulia mtoto mwingine, wawili. Mwekee Jemadari dawa!"

Yule mfupi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa mjinga. "Tajiri!" alipiga kelele. "Mbwa wa ku—"

Spana ilimpata juu ya sikio. Akaanguka juu ya ndoo, maji meusi yakajaa chumba. Lakini neno lilikuwa limekwishatoka. Ukumbini mtu aliita, mwingine akajibu, miguu ikaanza kuja.

"Mbebe Jemadari! Huyo mwache, hatuwezi wawili!"

Ilikuwa kweli, hawakuweza wawili. Shemeji alijua pia kwamba Soksi akibaki, na rangi yake halisi imetoka, atafanywa chambo. Kitambaa kilimdondoka, kikaelea majini. Akafungua kamba ya Soksi. Jemadari aliinua kichwa, akamtazama akiondoa mkono wake, na hilo Shemeji hakulisahau.

Alifungua mlango wa nyuma, Soksi kifuani, mzito, analowesha shati. Nyuma yake Mjomba alikuwa amevuka mstari, anahangaika na pete ya Jemadari, mikono inateleza kwa sabuni.

"Nishikie mlango! Shemeji! Nishikie mlango!"

Shemeji akatoka. Akauvuta mlango, akachomeka ufunguo kwa nje, akaugeuza mara moja. Halafu ngumi zilianza kupiga ubao, na jina lake likaitwa, lile la kweli, ambalo Mjomba hakuwa amelitumia tangu siku ya harusi.

Hatua ishirini. Mjomba alikuwa amezihesabu vizuri.

SAA 5:30

Alipitia dukani kwa sababu moja: simu yake ilikuwa mle. Hakuwa na muda wa kuchagua. Alibeba sufuria nzima na mfuniko wake, akaitupa kiti cha mbele, akaondoa gari.

SAA 6:15 MCHANA

Binti alikuwa mlangoni, karibu na bakuli. Alikaa chini vumbini, akafungua mikono, na Soksi akaingia humo, mkubwa kuliko yeye, akitetemeka. Mama mtu alitoka jikoni akiwa na mwiko, akasimama, akaanza kulia na kucheka.

"Umempata wapi?" aliuliza binti. "Baba, umempata wapi?"

"Barabarani," alisema Shemeji. "Huko mbali."

"Nani alimkata hivi?" Binti alikuwa akipitisha kidole juu ya mishono. "Na nani alimshona?"

"Sijui, mwanangu."

Walimwingiza ndani. Binti alitaka kumwosha, rangi ilikuwa bado mgongoni. Lakini alipoleta ndoo Soksi alijikojolea, akaingia chini ya kitanda, na hakuna aliyeweza kumtoa. Ikabidi ndoo irudishwe nje. Mtoto alilala kifudifudi sakafuni akizungumza naye kwa sauti ya chini, akimwambia yamekwisha, yamekwisha.

Shemeji alikaa kitini. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka chini ya kucha. Alijaribu kufikiri atasema nini usiku, kesho, wiki ijayo, mke wake atakapouliza mbona kaka haonekani. Alijiambia alichofanya kilikuwa haki. Akaona haki hiyo ina sauti ya ngumi kwenye mlango.

"Mama, simu yako," alisema binti ghafla, akiinuka. Uso wake wote ulikuwa unang'aa, wiki sita hawajauona hivyo. "Nimpigie Mjomba! Alisema akipatikana awe wa kwanza kuambiwa."

"Ngoja," alisema Shemeji. "Mjomba ana kazi, usi—"

Binti alikwishabonyeza.

Walingoja. Halafu nje, ndani ya gari, kwenye sufuria iliyofunikwa, simu ikaanza kulia. Mlio wake ulijulikana nyumba nzima. Chini ya kitanda Soksi alijibana ukutani.

"Mjomba amekuja!" alisema binti, akakimbia nje kumfungulia.

Mwiko ulikuwa bado mkononi mwa mke wake. Alimtazama mumewe, akaitazama ile mikono myeusi, na simu iliendelea kulia.