Mbao Kumi na Moja Bila Chuma

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, mwaka 1977, niliposhuka kwenye baiskeli kule Oli, pembeni mwa mji wa Arua, na kukuta mlango wa karakana yangu umelala chini. Ndani hamkuwa na mtu. Mbao zangu zote zilikuwa zimechukuliwa... na ndugu yangu pia.

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na tisa. Mimi ni seremala. Shule niliacha darasa la nne. Mengine nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi na kitabu chakavu cha jeshi la Waingereza kilichoeleza utunzaji wa bunduki. Kitabu hicho kilinipa kazi ambayo wachache waliijua: kufufua mbao za bunduki kuukuu, yaani ile sehemu ya mti inayoegemezwa begani. Wateja wangu walikuwa wawindaji, na wazee waliorudi na bunduki kutoka vita vya Wazungu.

Vanishi ya zamani nilikwangua kwa kipande cha kioo. Palipobonyea niliweka kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto, mpaka mti ukavimba na kurudi mahali pake. Palipopasuka nilitia gundi na kijiti cha mvule. Mwisho nilipaka mafuta kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka.

Sharti langu lilikuwa moja. Niletee mbao; chuma, yaani mtutu na mitambo yake, baki nacho nyumbani kwako! Hata siku ya kutenganisha, na siku ya kuunganisha, nilikwenda mimi nyumbani kwa mwenye bunduki, tukafunga mlango, nikafanya kazi na kuondoka. Nilijiona mwenye akili. Nani angenishtaki kwa kuweka vipande vya mti?

Wahindi walipofukuzwa nchini na maduka yao kufungwa, mafuta ya kitani niliyokuwa nikipaka yalitoweka. Nikajaribu kuchemsha mafuta ya simsim, yaani ufuta, hadi yawe mazito. Yalikauka, lakini polepole mno. Kazi ya wiki tatu ikawa ya miezi. Ndiyo sababu siku ile mbao kumi na moja zilikuwa zikining'inia darini, na ndiyo sababu mimi nilikuwa nimelala kule Inde, nikitafuta simsim sokoni. Adriko, mdogo wangu, alibaki kuangalia karakana. Hakuwa hata seremala. Alikuwa mkulima, amekuja mjini kuuza karanga, na mkewe ana mimba ya miezi saba.

Mama muuza mandazi wa jirani ndiye aliyenieleza. Askari waliingia, wakahesabu mbao, wakauliza chuma iko wapi. Adriko akajibu kwamba chuma iko kwa wenyewe. Wenyewe ni nani? Hapo akanyamaza. Walimpiga, akanyamaza. Aliwajua wote kwa majina, maana nilikuwa nimemwambia, na hakutaja hata mmoja!

Nilikwenda kambini kwa askari hao mchana uleule. Afande alikuwa amezipanga mbao zangu ukutani kwa mstari.

"Fundi," akasema, "mbao iko kumi na moja. Chuma hakuna hata moja. Wewe naona mimi mutoto?"

Nilimweleza kazi yangu kutoka mwanzo. Nikamwonyesha jinsi kila mbao ilivyochimbwa ndani kulingana na chuma chake, hata chuma cha bunduki nyingine kisikae vizuri. Alisikiliza, nakiri hilo. Kisha akasema: "Lete chuma moja tu. Ikiingia kwa mbao moja hapa sawasawa, na mwenyewe anasema ni yake, nitajua hausemi uongo. Mpaka Ijumaa."

Nikamwambia anifunge mimi, amwachie ndugu yangu. Alicheka.

"Wewe iko na miguu ya kutafuta. Huyu atangoja."

Chuma moja tu! Je, hilo lilikuwa jambo kubwa? Lakini serikali ilikuwa imekwishatangaza kwamba bunduki za watu binafsi zisizo na kibali zirudishwe, na wateja wangu kumi walikuwa wamezificha za kwao bila karatasi yoyote. Hao siwalaumu. Kumwita mmoja wao kambini kulikuwa kumwita kaburini.

Alibaki mmoja. Nitamwita Baba Zaitun, kwa jina la binti yake wa kwanza, kama tulivyomwita sote. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa wale askari waliokuja zamani kutoka Sudani. Kibali chake kilikuwa halali, na mpwa wake alikuwa askari katika kambi hiyohiyo. Yeye pekee angeweza kuingia pale na chuma mkononi na kutoka salama. Tena alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi. Idi nilikula kwake, Krismasi alikula kwangu. Mke wangu alipougua, mke wake ndiye aliyemwogesha.

Jioni ile nilipomweleza alilia. Ndiyo, alilia mbele yangu!

"Adriko ni mutoto yangu," alisema. "Lala, Fundi. Kesho asubuhi tunaenda. Mimi, na chuma, na karatasi."

Nililala. Hata leo najiuliza, niliwezaje kulala?

Jumatano asubuhi nyumba yake ilikuwa imefungwa. Mkewe alinijibu kwa ndani, bila kufungua, kwamba mzee ameitwa Koboko kwa binti yake. Nilimwomba anipe kile chuma na kibali. Akasema mzee ameondoka navyo vyote. Nikarudi nyumbani, nikatia upepo kwenye baiskeli, nikashika barabara ya Koboko. Gurudumu lilipasuka mara mbili. Niliingia Koboko Alhamisi, jua likiwa kali.

Nilimkuta barazani kwa mkwe wake, amekaa kwenye mkeka na wanaume wengine watatu, wanakunywa kahawa ya tangawizi. Nilisalimu. Waliitikia wote isipokuwa yeye.

"Baba Zaitun," nikasema, "kesho ndiyo Ijumaa."

"Ijumaa inakuja kila wiki," akajibu, na wenzake wakacheka.

"Nimefuata chuma. Mbao yako iko kambini. Adriko yuko kambini."

Aliweka kikombe chini. Akawatazama wenzake, si mimi.

"Huyu mutu iko na homa. Mimi bunduki nilirudisha zamani. Mbao gani? Mimi hapana jua mambo yake na mbao."

"Niliitenganisha na chuma mwenyewe, chumbani kwako!"

"Nani aliona?"

Nani aliona... Hakuna aliyeona. Mlango tulikuwa tumeufunga, kwa sharti langu mwenyewe.

Mmoja wa wale wanaume akanipigia kelele: "Fundi, kama unataka chuma, enda kwa muhunzi! Hapa tuko na kahawa tu!" Wakacheka tena. Nilipiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima mimi, mbele ya rafiki yangu. Aliinuka akaingia ndani. Kwa miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba ni mwoga. Labda hata yeye hakujua mpaka siku ile.

Ijumaa nilifika kambini mikono mitupu. Ukutani hapakuwa na mbao. Yule afande hakuwapo, na askari wa getini aliniuliza namtafuta nani. Nikataja jina.

"Hapana mutu kama huyo hapa. Hajawahi kuwa."

Wanawake waliouza chai nje walisema lori lililobeba wafungwa liliondoka alfajiri kuelekea mtoni. Nilikwenda getini wiki ile, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Mkewe Adriko alijifungua mvulana, na wazee wakampa jina la msiba, kama ilivyo desturi yetu. Mama yetu aliacha kuzungumza nami. Alikufa bila kunisemesha tena.

Sasa ni mwaka 1979. Vita vilivyoiangusha serikali ile vimepita, nami nalima mihogo kule Kuluba, karibu na mpaka wa Sudani, kwa wakwe zangu. Watu walipokimbilia Sudani walipita mbele ya shamba langu. Siku moja akapita Baba Zaitun, amekonda, ana mkeka begani. Kwenye mkeka kulichomoza mtutu, mtupu, bila mbao. Aliniomba maji. Nilimpa. Alikunywa, akaendelea na safari yake.

Wenzangu mnaosoma haya, hasa mafundi, nawasihi msipite nilikopita! Ukipokea kitu cha mtu, kipokee mchana, mlango wazi, mbele ya watu wawili. Usijifiche nyuma ya tahadhari ambayo siku ya hatari itafaa tu ikiwa mwingine atakuwa jasiri. Sisemi hivyo kwa sababu nimepona. Sijapona. Adriko hakurudi, wala kaburi lake silijui.

Na kama mtu atauliza kazi ile ilikuwa na faida gani kwangu, kwa mbao ya Baba Zaitun tulikuwa tumepatana shilingi sitini.