Kiraka Upande wa Kulia

Asubuhi fundi alipofungua gereji yake, alikuta mnyororo wa kunyanyulia unaning'inia juu ya gari tupu. Injini ilikuwa imeibwa. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

Afande aliyekuja kupeleleza alikuwa mama mfupi asiyependa porojo. Alilizunguka lile gari kuukuu, akakunja uso.

"Mmeniitia injini ya mkweche huu?"

"Afande, baba yangu moyo umechoka," alisema binti wa mwenye gari. "Daktari ametuambia mwezi ujao tusiutegemee sana. Hili ni gari la ujana wake, na anachoomba ni kulisikia likinguruma mara moja tu. Nimehangaika na injini hadi nimekoma. Moja ndefu, boneti haifungi. Nyingine inakataa gia boksi. Hii ndiyo ya kwanza kukaa."

"Ikoje hiyo injini?"

Fundi alisimama mbele ya boneti, akanyoosha mkono wake wa kulia. "Ina kiraka cha kuchomelea huku kulia, kikubwa kama kiganja, lakini ni nzima. Ilikuja jana jioni imefungwa turubai. Niliifungua mwenyewe, nikaishusha kwenye gari, bolti nikaziacha za leo. Kisha nikampigia simu dada hapa, nikamweleza hivyohivyo."

"Niliiweka simu kwenye spika kitandani kwa baba," binti alisema. "Alisikia yeye, alisikia na kaka."

"Funguo?"

"Mmoja ninao mimi," fundi alijibu. "Wa pili nilimpa dada. Unaning'inia ukutani chumbani kwa mzee."

Jirani wa gereji alikuwa muuza skrepa, mtu aliyekuwa akilimezea mate gari lile tangu zamani. Afande akaingia uani kwake bila hodi.

"Injini yenye kiraka iko wapi?"

"Kiraka gani tena, mama? Mimi jana nimeona turubai tu likishushwa. Pekua unavyotaka, lakini mimi siibi kitu cha mgonjwa. Nina aibu zangu, ila hiyo hapana."

Afande alipekua mpaka chini ya matairi. Hakupata kitu. Kwa kuwa kufuli halikuvunjwa, macho yote yakamrudia fundi, na kaka wa yule binti ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kumkaanga. Alikuwa dereva wa lori la machinjio, amezeekea kwenye usukani. Afande alimkuta chumbani kwa mzee, kakaa kitandani, anamfuta baba yake machozi kwa leso huku akimlaani mwizi. Alikuwa amejipaka manukato mengi mno, na bado chini ya manukato hayo kulikuwa na kiharufu cha kitu kilichooza.

"Mimi hata mguu sijatia gereji," kaka alisema. "Ninachojua ni kile fundi alichosema kwenye simu. Injini imefika, ina kiraka kushoto, ni nzima. Basi. Mtieni pingu, mnangoja nini?"

Afande akamgeukia mgonjwa. "Baba, fundi alisema kiraka kiko wapi?"

"Kulia," mzee alisema.

"Kulia," binti naye alisema.

"Kulia, kushoto, ulimi umeteleza tu."

Afande alitikisa kichwa. "Haukuteleza, mwanangu. Fundi husimama mbele ya gari, likimtazama. Kulia kwake ndiko kiliko kiraka. Dereva huhesabu akiwa kwenye kiti, na kwake kiraka hichohicho kiko kushoto. Nyote wawili mko sahihi. Ila wewe ungekuwa umesimuliwa tu, ungesema kama ulivyosimuliwa. Wewe umekiona kwa macho yako, na ufunguo umeutoa kwenye ukuta huu."

Kaka alitazama mlango. Askari aliyekuja na afande alikuwa amesimama hapo.

"Iko wapi?"

"Shimoni," alisema. "Kule machinjioni tunakomwaga matumbo. Niliinyanyua kwa winchi ya lori."

Binti alijiziba mdomo. "Kwa nini, kaka?"

"Kwa sababu nimemwomba usukani wa gari lile ujana wangu wote, akaninyima. Mimi dereva! Halafu wewe usiyejua hata gia unamletea injini, unakuwa ndiye mtoto. Niliona bora asilisikie."

Afande alikuwa ameshika wezi wa kila namna, wa njaa na wa tamaa, na wengine akawaonea huruma. Huyu alimtia kichefuchefu. Alitumbukiza furaha ya mwisho ya baba yake kwenye damu iliyooza, akanawa, akaja kumpangusa machozi kwa mikono ileile. Afande alimfunga pingu kwa ncha za vidole, kisha akaomba maji ya kunawa.

Mchana, injini ilipokwisha kuopolewa shimoni, fundi alipiga simu. Matundu ya injini alikuwa ameyaziba kwa matambara tangu jana, kwa hiyo uchafu haukuingia ndani. Inanuka mpaka inzi wanaikimbia, alisema, lakini itawaka.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Mwanawe alikuwa bado mlangoni, anangoja gari la polisi.

"Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe," mzee alisema. "Ila siku nikifa, usije kunizika."